Tandiko Lililokataa Kukaa

Mtaa mzima ulijua kwamba Mama Sindano, fundi wa matandiko ya farasi, hajawahi kukubali kosa. Tandiko likimchubua farasi, kosa ni la farasi. Likimwangusha mpandaji, basi mpandaji hajui kukaa.

Binti yake, mtaalamu wa lishe ya mifugo, alikuwa ameanza kazi yake ya kwanza kwenye banda la jirani. Alimkuta farasi jike mmoja amekonda mgongo, nyama zimetoweka kandokando ya uti, hadi Mama Sindano akalazimika kushindilia sufu ndani ya tandiko la farasi huyo ili likae. Tajiri mwenye banda alikuwa akimjazia protini kila siku, na wapi!

"Punguzeni," binti alisema. "Hamsikii mkojo unavyonuka mpaka macho yanawasha? Hiyo ni protini inayotoka bure. Anachokosa ni lisini. Mpeni mashudu ya soya, na afanyishwe mazoezi ya kuzungushwa kwa kamba bila tandiko."

"Amekonda, nawe unampunguzia?" Tajiri alikuwa na safari ya miezi mitatu, hakutaka mabishano. "Haya. Nikirudi siku ya mashindano nikamkuta hivi hivi, utafute banda lingine."

Nyumbani, Mama Sindano alitaka kuijua hiyo lisini.

"Mama, ukiwa na ngozi rundo zima na uzi kiduchu, utashona matandiko mangapi?"

"Ya uzi uliopo."

"Na ngozi inayobaki?"

"Itaoza tu."

"Ndiyo hiyo inayonuka bandani. Lisini ndiyo uzi."

Mama Sindano alivimba kichwa kwa fahari, ila usingizi ulimpaa. Mtoto akifukuzwa kazi ya kwanza, nani atamwamini tena?

Siku ya mashindano tandiko lilikataa kukaa. Liliyumba juu ya mgongo kama meza mbovu, na Tajiri akafoka: "Mama Sindano, umeniharibia tandiko!"

Watu wakarudi nyuma, maana waliujua ulimi wa Mama Sindano. Lakini yeye alipitisha kiganja kandokando ya uti wa farasi, taratibu, kisha akarudia. Palikuwa na nyama, nyama ya kujaa mkono. Akatoa mkasi, akaufumua mshono wake mwenyewe mbele ya kadamnasi, akachomoa sufu yote aliyoshindilia. Alipolirudisha, tandiko lilitulia.

"Kweli, nilikosea vipimo," alisema kwa sauti iliyofika barabarani. "Mimi nilishonea mgongo mkondefu. Huu kaulisha mwanangu."