Nakupenda, Mteja

Haya, nawategea. Kuna nyumba ukibisha hodi unaimbiwa, ukibisha tena unaambiwa uchague mlango, na kila mlango unakurudisha uani. Nyumba gani? Mmeshindwa? Nipeni mji, basi. Ni simu ya kampuni ya friji. Kitendawili hicho ndicho kilichoniua sikio hili la kushoto.

Ilikuwa Agosti, mjini Daegu, Korea, joto la kulainisha lami. Friji ya kimchi, kabichi yetu ya kuchachusha, ilinyamaza alfajiri. Ndani mlikuwa na kabichi alizozipaka pilipili mama mkwe wangu mwezi Novemba, wiki mbili kabla hajafa. Mume wangu, Man-seok, alizila jani moja moja, kama dawa.

"Nikirudi mchana nimkute fundi," alisema akivaa viatu. "Nisipomkuta, unanijua."

Nilimjua. Mbavu zangu zilimjua zaidi.

Nilianza kupiga saa mbili. Mashine ikanitajia namba mbiombio: kununua bonyeza hii, kutengeneza bonyeza ile. Mimi niliishia darasa la sita. Nikikosea, inaanza upya. Nikipatia, wahudumu wote wanazungumza na wateja wengine, kisha kinanda. Saa nne nzima, kinanda. Nyuma yangu povu jekundu likatambaa chini ya mlango wa friji.

Man-seok aliingia, akanusa.

"Asubuhi yote umefanya nini?"

"Nasubiri. Hawapokei."

"Hawakupokei wewe. Nani ampokee zuzu?"

Akaninyang'anya mkono wa simu, akanipiga nao sikioni, mara moja, mara mbili, mpaka plastiki ikapasuka. Nikaanguka kwenye maji ya pilipili. Mkono wa simu ukabaki unaning'inia kwenye waya wake, kinanda bado kinalia, na mateke yakawa yanakuja kwa kufuata mdundo.

Kisha kinanda kikakatika.

"Nakupenda, mteja," ikasema sauti ya msichana. Miaka ile ndivyo walivyoamriwa kutusalimia.

Mguu wa Man-seok ukasimama hewani.

"Haloo? Nani anapigwa hapo?"

Akaudaka mkono wa simu, sauti imejaa asali. "Ni friji tu, dada. Imekufa."

"Naomba niongee na mama."

Akanisogezea. Waya akauzungusha shingoni mwangu, mzunguko mmoja, bila kukaza.

"Mama, uko salama?"

Damu ilikuwa inanidondoka kwenye kola.

"Kimchi inaharibika," nikasema.

"Nimesikia, mama. Fundi atakuja."

Alikuja kesho yake. Nusu ya kabichi ziliokoka. Kwa ile nusu iliyooza, Man-seok alinivunja kidole.

Siku ya tisa tulikuwa mezani, simu ikalia, ile ile tuliyoifunga kwa utepe. Baada ya matengenezo kampuni hupiga kuuliza kama mteja ameridhika. Ilikuwa sauti yake.

"Nakupenda, mteja. Fundi alifika?"

"Alifika."

"Friji inapoza?"

"Inapoza."

Nikasikia karatasi zikisogezwa, kisha sauti ikashuka. "Mama, siku ile nilikuuliza jambo. Hukunijibu."

Man-seok alikuwa anatafuna jani la mama yake, macho kwangu, vijiti vya chakula mkononi. Nikaibana simu kwenye sikio la kulia, lile linalosikia.

"Hapana, binti yangu," nikasema. "Siko salama."