Kifaransa cha Nusu Nusu

Mama Josée alimwambia mapema, huku akipangusa kaunta ya duka lake la dawa: "Leo tu minakupima kazi, Bénie. Kama ba-clients ba Kifaransa banakusikia, utabaki. Kama habakusikie, minamwita Daniella. Ule alimaliza sekondari."

Bénie aliishia shule ya msingi. Lakini Kifaransa alikuwa nacho, tena kingi. Alikipata kanisani. Tangu akibebwa mgongoni alimsikiliza mchungaji Tshimanga akihubiri kwa Kifaransa, na begani pake Rémy, mtafsiri, akirusha kila kipande kwa Kiswahili, sauti ile ile, mkono ule ule. Mchungaji kipande, Rémy kipande, mchungaji tena. Maneno yakamkaa kichwani hivyo hivyo, mawili mawili, wala hakujua kwamba wako watu wanaosema Kifaransa mpaka mwisho bila kumngojea mtu.

Wa kwanza kuingia alikuwa mwanamume wa tai, fundi wa umeme kule kwenye mtambo wa Koni, na kikohozi chake. Bénie akamwekea chupa mbele, akasema kwa Kifaransa safi: "Dawa hii, papa, utakunywa..." Akanyamaza.

Mwanamume akangoja. Bénie naye akangoja. Mwisho mdomo wake ukairudia yote kwa Kiswahili, kisha ukashika tena Kifaransa, sauti ikipanda: "Kijiko kimoja!" Na Kiswahili chake. "Asubuhi na magharibi!" Na Kiswahili chake.

"Amen!" alisema yule fundi, akacheka mpaka kikohozi kikamkaba.

Mama Josée akamvuta Bénie nyuma ya rafu. "Weye unahubiria dawa? Juu ya nini unasimama katikati?"

"Minangojea, mama."

"Unangojea nani?"

"Rémy."

"Rémy iko wapi humu?"

Bénie aligeuka akatazama, kweli kabisa.

"Basi andika, usiseme."

Akaandika kwenye boksi la dawa: nusu ya Kifaransa, chini yake nusu ya Kiswahili. Boksi likajaa kabla hajafika kwenye neno "magharibi".

"Sitaki kusikia Kiswahili tena," Mama Josée akasema. "Neno moya tu, Daniella anakuya."

Akaingia Mama Claire, mke wa mfanyabiashara, anayependa kusemeshwa Kifaransa. Bénie akashika chupa, akasema nusu ya kwanza. Ya pili ikagoma kutoka. Akafumba macho, akakisema Kiswahili chake moyoni, midomo ikicheza bila sauti, na nusu ya pili ikaja yenyewe.

Alipofumbua macho, Mama Claire alikuwa ameinamisha kichwa. "Amen, mutoto wangu. Kumbe hapa munaombea dawa mbele ya kuuzisha?"

"Hapana, mama. Minatafuta tu nusu ingine."

"Benye kuomba kweli habajisifu," Mama Claire akawaambia waliokuwa mlangoni.

Ilipofika saa sita kulikuwa na foleni. Wengine walileta dawa walizonunua kwingine. Kila Bénie aliposema haombi, walizidi kuitikia "Amen".

Mama Josée aliwatazama, akamtazama yeye, akajikuna chini ya kitambaa cha kichwa. "Na kesho ukuye."

"Juu ya Kifaransa, mama?"

"Siyue. Kuya tu."

Mwanamke aliyefuata alishamnyoshea chupa, macho ameyafumba. Bénie akaipokea, akafungua kinywa, asijue aanze na lugha gani.