Posa Iliyochelewa Miaka Thelathini na Miwili

Habari ya ofisa ilimkuta Vini mikono yake imejaa unga wa mahindi. Isom, mumewe, alisimama mlangoni anahema kama mtu aliyekimbizwa na nyuki.

"Vini, Jumamosi ofisa wa serikali anakuja kanisani, yule wa koti la buluu. Anaandika ndoa zetu daftarini, kila mtu na mwenzake, na karatasi yenye mhuri unapewa mkononi. Vaa lile gauni lako la maua, twende mapema kabla mstari haujawa mrefu."

Vini hakuinua kichwa. "Nani kakwambia mimi nitakwenda?"

"Si ofisa amesema..."

"Ofisa hajaniuliza. Na wewe hujaniuliza."

Isom akacheka. "Nikuulize nini, mama? Wewe si mke wangu?"

Hapo Vini akanawa mikono taratibu, kidole kimoja kimoja, akajifuta, akamtazama.

"Nilipewa kwako, Isom. Kuniuliza, hakuna aliyeniuliza."

Na kweli hakuna. Ilikuwa Jumamosi ya kupima pamba, miaka thelathini na miwili iliyopita, Vini ana miaka kumi na tisa na gunia lake bado liko begani. Bwana Harlow, mwenye shamba na mwenye wao wote, alinyoosha fimbo yake akasema: wewe Isom, chukua huyu Vini. Bibi Harlow akaleta ufagio kutoka jikoni, ukalazwa chini, wakauruka, na hiyo ndiyo ikawa ndoa ya watumwa, watu wakapiga makofi. Kisha Bwana akarudi kwenye mizani yake, maana magunia yalikuwa bado mengi. Hakuna aliyesubiri kusikia kama Vini anasema ndiyo au hapana. Hata yeye mwenyewe hakujisikiliza.

Isom hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Hakumwinulia mkono hata siku moja. Baridi ikizidi, blanketi lote lilihamia upande wa Vini. Walizaa watoto wanne, na yule wa pili alipouzwa Alabama walilia kichwa kwa kichwa mpaka sauti zikawaishia. Lakini je, Vini alimpenda? Hapo ndipo alipokwama. Mtu aliyelishwa uji tangu utoto bila kuulizwa, atajuaje kama uji anaupenda?

Sasa vita vilivyokomesha utumwa vilikuwa vimekwisha, mwaka mzima umepita, na pale ukingoni mwa mto Mississippi hakuna mtu aliyekuwa mali ya mtu. Basi Vini akachukua mto wake wa kulalia na sufuria yake ndogo, akahamia kwa Ketura, mkunga, rafiki yake wa siku zote. Ni hatua arobaini tu kutoka mlango hadi mlango.

"Wewe mwanamke una wazimu," Ketura akamwambia. "Una miaka hamsini na moja!"

"Ndiyo maana nina haraka."

Isom naye akaenda kwa Mzee Kato, ambaye watu wote walimwita Mjomba. Mjomba Kato ndiye aliyewafundisha vijana wa shamba lile maneno ya posa. Zamani zile hukumwendea msichana ukamwambia nakutaka, kama unaagiza chumvi. Ulisema kwa mafumbo, naye akajibu kwa mafumbo, na kwa majibu yake ukajua usogee au urudi kwenu. Isom hakujifunza, kwa sababu alipewa mke kabla hajahitaji maneno. Mjomba Kato alipoelewa shida yake alicheka mpaka akaomba maji. Kisha wakajifungia zizini siku tatu, Isom anakariri mbele ya nyumbu wa mkokoteni.

Alhamisi mchana, Isom akatokea mbele ya nyumba ya Ketura, kavaa koti la kuazima, mikono ya koti imemwia mifupi. Siku hiyo watu wengi ajabu walipita na ndoo, kana kwamba kisima kimehamia mlangoni kwa Ketura. Vini alikuwa amekaa kwenye ngazi anachambua mboga.

"Bibi mwema," Isom akaanza, jasho linamtiririka, "nimepita njiani, nimeona shamba zuri. Je, shamba hili lina uzio, au... au..."

"Au mgeni anaweza kupita!" ilinong'ona sauti ya Mjomba Kato nyuma ya banda la kuku, mnong'ono wa kusikika mpaka ng'ambo ya mto.

"Au lina mbwa?" Isom akamaliza.

Watu wakaangua kicheko. Mwenye ndoo mmoja akamwaga maji yote miguuni mwake. Vini akauma mdomo, akajibu kama inavyotakiwa: "Bwana mgeni, uzio upo. Lakini lango sijaona aliyelifunga."

Jibu zuri hilo, la kumkaribisha mtu asogee. Ila Isom alikuwa ameshapotea njia. Akavua kofia.

"Vini, haya maneno ya Mjomba yananitoka kichwani. Mimi nataka uwe mke wangu. Jana niliunguza mikate mpaka mbwa akaisusa. Lakini hata ningejua kupika ningekuja. Unanikubali?"

Vini akafungua mdomo, na neno likatoka lenyewe.

"Hapana."

Hakulipanga. Neno hilo alikuwa amelimeza maisha yake yote, kwa Bwana, kwa Bibi, kwa msimamizi wa shamba, kwa sababu aliyelitamka alilipia kwa ngozi ya mgongo wake. Sasa limetoka, limesimama pale kati yao mchana kweupe, na mbingu haijaanguka. Akamtazama Isom aone atafanya nini.

Isom akavaa kofia, akaivua, akaivaa tena.

"Nimesikia, Vini. Jibu ni lako."

Akamuaga Ketura kwa heshima, akageuka kuondoka, akajikwaa kwenye ndoo ya mtu, akaiomba radhi ile ndoo, akaenda zake.

"Umefurahi sasa?" Ketura alifoka. "Mwanamume amekuja na koti la watu!"

Vini alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka. "Nimesema hapana, Ketura! Umenisikia? Nimesema hapana na bado niko hai!"

Jioni ile yote alilisema. Nikuongeze mkate? Hapana. Nifunge dirisha? Hapana. Utanyamaza lini wewe? Hapana. Mpaka Ketura akamtishia kwa mwiko.

Ijumaa Vini akaenda mtoni kufua. Meli ya moshi ikapita na vishindo vyake, nahodha amesimama juu kabisa kifua mbele, mara upepo ukampokonya kofia, ikaruka ikatua juu ya kichwa cha nguruwe kwenye sitaha ya chini. Nguruwe akaivaa kama aliyezaliwa nayo. Vini akageuka kumwambia Isom, na Isom hakuwapo.

Wafuaji wenzake walikuwa tele pale. Angeweza kumwambia yeyote kati yao. Lakini alimtaka Isom, amsikie akicheka kile kicheko chake cha kukoroma. Akasimama na shuka inachuruzika maji, akalipima lile jambo moyoni. Hakuna fimbo aliyonyooshewa, wala ufagio. Kutaka huku kulikuwa kwake mwenyewe.

Jumamosi mstari wa watu ulizunguka ua wa kanisa. Isom hakuwa mstarini. Alikuwa anamnywesha maji farasi wa ofisa. Vini akamwendea moja kwa moja, hakungoja hata kukauka jasho.

"Isom, nataka unioe. Au nikuoe mimi, watakavyosema wenyewe. Unanikubali?"

Isom akaweka ndoo chini. Akajikuna kidevu.

"Ngoja kwanza nifikiri."

"Ufikiri nini?"

"Hata mimi siku ile sikuulizwa, Vini. Nilikuwa na jicho langu kwa yule msichana Juno wa shamba la pili."

"Heee!" mstari mzima ukaitikia.

Miaka thelathini na miwili, na Vini hakuwahi kufikiri kwamba ile fimbo alinyooshewa Isom pia. Isom akaanza kutembea kulizunguka kanisa, mikono nyuma, kama mtu anayekagua mali.

"Amefika kona!" Mjomba Kato alitangaza. "Kona imemficha! Simwoni!"

Watu walicheka, lakini Vini alikuwa anaikodolea macho ile kona. Mtu yule alikuwa huru. Angeweza kusema hapana, kama alivyosema yeye, na hakuna wa kumlazimisha. Dakika zikapita. Farasi akamaliza maji yote.

Hatimaye Isom akatokea upande wa pili.

"Nimefikiri. Ndiyo."

"Mbona umekaa huko kama umelala?" Vini aliuliza.

"Jibu nilikuwa nalo tangu hatua ya kwanza. Ila ile nafasi ya kufikiri ilikuwa tamu, nikaona nisiimalize upesi."

Vini akampiga kofi la bega, Isom akacheka akikoroma, na watu wakawapisha mbele ya mstari kwa sababu walitaka kuona mwisho.

Ofisa alikuwa kijana mwenye wino mpaka kwenye sikio. "Mmekuwa mume na mke tangu lini?"

"Miaka thelathini na miwili," Isom akasema.

"Leo," Vini akasema.

"Mama, hiyo miaka inawasaidia watoto wenu, watambulike kisheria," ofisa akasema.

"Basi watoto waandikie miaka yote. Ndoa iandike ya leo."

Ofisa akamtazama Isom. Isom akainua mabega. "Mwandikie anavyotaka, bwana. Na mimi ni ya leo."

Kijana akajikuna, sikio likazidi wino, akaandika yote mawili. Akampa Vini kalamu aweke alama yake. Vini hakuwahi kushika kalamu. Aliikamata kama mwiko, akachora msalaba mkubwa hivi, mkono mmoja wa msalaba ukavuka mpaka nafasi ya wenzao waliokuwa wanafuata, na ofisa akauacha hivyo hivyo.