Vinavyoning'inia Chini ya Bawa

"Usifute hapo," Tom alisema. "Rangi yake inashika alama za vidole."

Bi Kijakazi akaondoa kitambaa chini ya tumbo la ndege. Ilikuwa ndege ya kivita ya maonyesho tu, ya plastiki ngumu, urefu wake kama meza ya kulia, na kazi yake kwa siku nne hizi ilikuwa kuipangusa vumbi kila saa. Ukumbi mzima wa maonyesho ya silaha ulijaa vitu vya kuulia watu, na kila kibanda kilikuwa na bakuli la peremende. Wauzaji kama Tom walinukia vizuri na kuwachekea wapita njia. Chema chajiuza, alijisemea, kibaya chajitembeza. Miaka kumi na tisa ya kusugua vyoo vya ofisi za London haikuwahi kumtia kinyaa namna ile.

Angevumilia, lakini jioni Nusra, binti yake, alikuwa anakuja nyumbani kwake Lewisham kuomba radhi na baraka za mama. Kampuni yenye ndege hii hii ilikuwa imempa kazi, na kesho angetia saini. Nusra, mzaliwa wa London, alikielewa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, ila hakuwahi kuanza jambo bila mama kumwekea mkono kichwani na kumsomea Fatiha. Kazi yenyewe alikuwa amemweleza kwa simu: kuchora vishikio vya silaha zinazotundikwa nje, chini ya mabawa.

Ndiyo maana Kijakazi alitega sikio Tom alipoanza kumweleza mgeni mmoja mzee kutoka nchi za Ghuba, Uarabuni. Silaha zikikaa ndani ya tumbo, Tom alisema, rada inahangaika kuiona ndege. Zikitundikwa nje, kila kona ya silaha hizo inarudisha mawimbi ya rada, na ndege inaonekana kutoka mbali.

Roho ikamtua. Kumbe mwanawe hakuwa upande wa kuficha. Tom alipokwenda kuleta kahawa, Kijakazi akasema alhamdulillahi bila kujijua, na mgeni akageuka, akalisoma jina lake kwenye beji kifuani.

"Mama, wewe wa kwetu? Wa wapi?"

"Wa Wete, Pemba."

"Mie mama yangu kazaliwa Mkoani. Naitwa Muhsin." Alizungumza Kiswahili taratibu, kwa adabu. "Na hiyo alhamdulillahi ya nini?"

"Nasikia zikiwa nje ndege yaonekana. Afadhali. Walio chini watajua mapema, wakimbie."

Muhsin akacheka kwa upole, kama mtu anayemchekea mtoto. "Sivyo, mama. Siku ya kwanza ya vita ndege yaenda na zile za ndani tu, kimya kimya, ikazivunje rada. Siku ya pili ndo zatundikwa za nje, tele, maana hapo hakuna tena wa kuiona."

"Na watu?"

"Watu wapo," alisema, akachukua peremende.

Kijakazi alikwenda chooni akanawa mikono mara tatu. Katika treni ya kurudi nyumbani aliiweka mapajani, viganja juu, asiguse kitu.

Nusra alifika baada ya Magharibi na keki na furaha yake yote. Mama aliketi kwenye kochi. Binti akapiga magoti mbele yake, akavua mtandio, akainamisha kichwa.

"Hivyo vishikio vyako," Kijakazi aliuliza, "hutumika siku gani?"

Nusra hakuinua kichwa. Alichelewa kujibu, na kwa kuchelewa kule mama akatambua kwamba mwanawe alikuwa akijua siku zote.

"Kukishakuwa salama," alijibu kwa Kiingereza.

"Salama kwa nani?"

Basi likapita barabarani, vioo vikatetemeka kidogo.

"Mama, tafadhali," Nusra alisema, safari hii kwa Kiswahili.

Kijakazi alimpenda mno, na alimwonea kinyaa, na hakujua kama moyo mmoja huweza vyote viwili. Aliutazama utosi wa mwanawe, na ule mstari ulionyooka katikati ya nywele, aliokuwa akimchana kwa mkono wake kila asubuhi ya shule. Chai aliyomwandalia ilipoa. Nusra aliendelea kuinama akingoja, na mikono ya mama ilibaki juu ya magoti yake mwenyewe.