Kasuku Agoma Kukariri

Shuleni walimwita Kasuku, na jina hilo alilipenda. Ukimtajia sura yoyote ya kitabu cha biolojia, aliimwaga yote bila kumeza mate. Wageni walipokuja, mwalimu alimsimamisha mbele kama anayeonyesha redio mpya.

Kisha shangazi yake, fundi cherehani aliyemlea, akaugua kifua kikuu. Dawa zilipomrudishia nguvu aliziacha, akarudi kwenye mashine yake. Kikohozi kikarudi kikali zaidi, na safari hii dawa zilezile hazikufua dafu.

"Kwani zimeharibika?" Kasuku alimuuliza muuguzi wodini.

"Dawa ni nzima. Vijidudu ndivyo vingine. Vilivyo dhaifu vilikufa mwanzoni. Vichache sugu vilikuwa bado vipo shangazi yako alipoacha dawa, vikazaana. Sasa kifuani umejaa ukoo wa vile sugu."

Kasuku akapigwa na butwaa. Uteuzi asilia, ile sura ya viumbe dhaifu kufa na sugu kubaki wakizaana! Miaka yote alidhani ni habari za wanyama wa kale, kumbe ulikuwa kazini ndani ya kifua cha mtu anayempenda.

Akavuta kiti, akamweleza shangazi yote.

"Mbona hukuniambia mapema, mwanangu? Si ulikuwa ukiyasoma kwa sauti pale sebuleni?"

"Nilikuwa nayasoma tu, shangazi. Sikuyaelewa."

Jumatatu mwalimu akaita, "Kasuku! Maana ya uteuzi asilia."

"Naomba nieleze kwa maneno yangu, mwalimu."

"Nataka ya kitabuni."

"Ya kitabuni ninayo. Hayakumsaidia shangazi yangu."



"Sifuri. Kaa chini!"

Hakukaa. Akaanza kueleza habari za vijidudu na dawa iliyoachwa njiani.

"Toka nje!"

Akatoka, lakini akasimama mlangoni akamalizia. Ndipo msichana mmoja wa nyuma, ambaye hakuwahi kufungua mdomo darasani, akauliza: "Sasa kwa nini wasimpe mgonjwa dawa kadhaa kwa pamoja tangu mwanzo?"

"Nadhani ndivyo wanavyofanya," Kasuku akajibu. "Hebu fikiria, kijidudu kitakwepaje zote?"

Mikono ikaanza kuinuka. Mwalimu akagonga meza, lakini hakuna aliyeshusha mkono.

Sifuri haikufutwa, na zawadi ya mwanafunzi bora wa mwaka ikaenda kwa mwingine. Shangazi alimeza dawa mpya mpaka ya mwisho, akapona. Kasuku naye hakuacha maswali. Akifukuzwa darasani, anaulizia dirishani.