Picha Waliyoiomba Wakubwa

Jibu lilirudi kabla chai haijapoa, na hapo ndipo niliposhtuka. Wakubwa wa kiwanda chetu cha uchapaji hujibu barua pepe kana kwamba wanatolewa damu kwa kila neno. Leo wamejibu upesi, tena na "ndugu mpendwa" juu yake.

Aliyeandikiwa ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Yeye ni mkataji. Anaweka rundo la karatasi kwenye mashine tunayoiita Kisu, anabonyeza vitufe viwili, kimoja kwa kila mkono, na makali yanashuka. Viliwekwa viwili makusudi, ili mkono usibaki chini. Lakini msimamizi alikibana kimoja kwa waya, kikae kimebonyezwa muda wote, kazi iende mbio. Sasa shemeji anabonyeza kwa mkono mmoja, mwingine unasukuma karatasi. Juzi makali yalimnyofoa kipande cha kucha. Ndipo akaomba mashine mpya.

"Soma, shemeji," alinipa simu, anachekelea kama bwana harusi. "Wanasema ombi langu lina uzito."

Nikasoma. Lina uzito, ndiyo. Tena atume picha yake akiwa kazini, ioneshe anavyoiendesha mashine. Na aeleze ameitumia katika hali hiyo tangu lini.

"Usitume."

"Ah! Wewe kila kitu mtego. Ukipewa maji ya kunywa unauliza nani kayachota."

"Na ninauliza kweli. Pale dirishani alikaa mama mmoja akishona vitabu, wewe hujaja bado. Aliomba taa. Taa ya mezani tu! Wakamjibu kwa upole huu huu: eleza huoni vizuri tangu lini. Akaeleza, maskini, kwa moyo mweupe. Taa haikuja. Ilikuja barua ya kumwachisha kazi kwa macho mabovu."

Wenzangu wamemsahau. Mimi bado namwona akishuka ngazi, mkoba kaukumbatia kifuani.

Shemeji aliacha kuchekelea. "Kwa hiyo nikituma picha..."

"Watakuona wewe, mkono chini ya makali, kitufe kimefungwa. Tangu lini? Umeandika mwenyewe. Waya utakuwa wako."

"Waya ni wa msimamizi! Kila mtu alimwona."

"Kwenye picha hayumo."

Tukaandika jibu, yeye akibonyeza herufi, mimi nikimfutisha "samahani" zake. Mashine iko hapa chini, mkubwa ashuke aione mwenyewe, imezimwa mpaka aje. Nakala tukamtumia kila mfanyakazi kwenye simu yake, hadi mlinzi wa lango.

"Mlinzi wa nini tena?"

"Huyo hasa. Ndiye anayeambiwa kesho nani asiingie."

Shemeji akazima Kisu. Meza yetu ya gundi nayo ikasimama, brashi zikawekwa chini.

Aliyeshuka hakuwa mkubwa. Alikuwa msimamizi, anahema, koleo limechungulia mfukoni. "Jamani, kelele zote hizi za nini? Pisheni, nisafishe kidogo, mkubwa anakuja."

"Unasafisha kwa koleo, bosi?" nikamuuliza.

"Wewe kaa na gundi yako, mwanasheria wa jalalani."

Akachuchumaa kwenye vitufe. Koleo lilikuwa limeshauma waya simu ya shemeji ilipolia, kacha. Akageuka, macho yamemtoka pima.

"Futa hiyo!"

"Imeshaenda, bosi. Kwa wote." Shemeji hakuishusha simu. "Si wameomba picha?"

Msimamizi akamalizia kuukata waya, angefanya nini? Mkubwa alipofika alitazama vitufe, akatazama simu zetu, akamtazama shemeji.

"Asante kwa kutujulisha, ndugu," akasema, akapanda zake. Kwa upole. Upole ule ndio siuamini, na nimemwambia shemeji picha aihifadhi pia kwenye simu ya dada yake.

Mashine mpya hatujaiona. Mchana ule shemeji alikata karatasi, mikono yote miwili ikiwa juu ya vitufe, polepole, rundo baada ya rundo. Msimamizi alisimama nyuma yake akiangalia saa, akikohoa kila mara. Sisi wa gundi tulizisubiri karatasi, mikono mapajani, na hakuna aliyemwambia shemeji afanye haraka.