Kipriani wa Nambilanje

Ausi alikuwa sonara wa Nachingwea kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuona shimo la dhahabu kwa macho yake. Dhahabu ilimfuata dukani ikiwa imefungwa kwenye kikaratasi, naye hakuuliza ilikotoka, kama mla kuku asivyouliza kuku alilelewa na nani.

Siku moja, mwaka 2004, akaingia Aurelia, nesi wa Mnero, akitaka pete ya ndoa.

"Nataka dhahabu isiyomdhuru mtu," alisema. "Juzi nimemhudumia mchimbaji, hata kikombe cha uji kinamshinda kushika. Mikono inamtetemeka kwa zebaki. Wanaichanganya na dhahabu, kisha wanaichoma jikoni, na moshi wanauvuta nyumba nzima."

"Ya kwangu safi kabisa, mwanangu."

"Ameichimba nani?"

Mdomo wa Ausi ukaitangulia akili. "Kipriani."

"Kipriani wa wapi?"

"Wa Nambilanje."

Alidhani umbali ungemwokoa. Kumbe Aurelia alikuwa likizo. "Vizuri," alisema. "Jumamosi ukanitambulishe kwake."

Alhamisi Ausi akatuma salamu kwamba ana homa. Ijumaa Aurelia akaja na kipimajoto, akamwekea kwapani, akakisoma. "Huna kitu, mzee wangu. Saa kumi na mbili asubuhi tukutane stendi."

Walipanda lori la ufuta hadi Ruangwa, kisha wakakodi baiskeli. Ausi, mtu wa kushinda kwenye stuli, kila mlima alishuka akasukuma, na kila mteremko akashuka vilevile, kwa woga. Njia nzima aliomba kimoyomoyo huko Nambilanje pasiwe na Kipriani hata mmoja. Atasema kahama, basi.

Walimkuta mama mmoja akianika muhogo. Jina lake Domitila.

"Kipriani?" aliuliza. "Yupi? Wako watatu. Mmoja yuko darasa la pili, mmoja katekista, mmoja mume wangu."

"Mumeo!" Ausi alidakia.

Mume alikuwa uani anabangua korosho. Ausi akamkumbatia kabla hajainuka. "Mzee Kipriani! Mimi sonara wako!"

"Sonara ndo nani?"

"Yule unayemuuzia dhahabu!" Ausi alimkonyeza mpaka jicho likauma.

"Mimi nalima ufuta, ndugu yangu. Wa dhahabu ni mke wangu. Mimi hata mto wenyewe nauogopa. Na hilo jicho, limeingia nini?"

Aurelia akamgeukia Ausi, akafunga mikono kifuani.

"Nimekudanganya," Ausi alisema. "Dhahabu yangu sijui inatoka wapi. Sijawahi kuuliza." Uso ulimwaka kwa aibu, lakini kifua kikawa chepesi kuliko alivyotegemea.

Domitila alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akawapeleka mtoni, mahali anapoosha mchanga yeye na wifi yake, kwa karai na maji matupu. Zebaki hawaitaki. Aurelia aliuliza maswali yote aliyokuja nayo, akaridhika, akaomba kununua.

"Wewe nitakuuzia," alisema Domitila. "Ila huyu mwongo kwanza aoshe."

Ausi akakunja suruali. Karai la kwanza alimwaga mchanga na dhahabu yake, Domitila akapiga ukelele kama aliyeibiwa. La pili, la tano, la kumi. Mgongo ulikuwa unalia. Jua lilipoanza kulegea, chini ya karai ikang'aa punje moja, ndogo kuliko ufuta. Ausi aliitazama huku amezuia pumzi. Miaka kumi na tisa hakuna dhahabu iliyompa furaha kama ile.

Akapiga chafya.

Waliitafuta punje hiyo mpaka giza likaanza, hawakuiona. Domitila alimwonea huruma, akatoa kichupa cha dhahabu aliyoikusanya msimu mzima, akamwuzia Aurelia.

Ilitosha pete moja nyembamba. Siku ya ndoa kule Mnero, bwana harusi, Linus, alipokuwa akihangaika kuipitisha kwenye kifundo cha kidole, sauti ya Domitila ilitoka benchi la tatu: "Taratibu, baba, utaipinda! Mgongo wangu huo!"

Kanisa zima likageuka. Ausi, aliyekuwa amekaa pembeni yake, alinyoosha kidole kwa unyonge na kusema, "Na wangu kidogo."